Tulipoutembelea Mji Mkongwe wa Eger

Mwezi Mei mwaka 2023 tulisafiri kwenda Hungaria kumtazama binti yetu anayesomea udaktari huko. Tulikuwa hatujamwona tangu aondoke nyumbani. Kila Jumapili jioni alikuwa akitupigia simu, na mara nyingi alimaliza kwa kusema, "Mkija nitawapeleka Eger, mji wa zamani, mtaupenda." Wazazi wenzetu mnaosomesha mnajua fedha za namna hii zinavyopatikana. Kiwanja chetu kimoja kilikuwa kimekwisha kuliwa na ada. Nauli tuliidunduliza kwa mwaka mzima.

Eger uko kaskazini mashariki ya Budapest, mwendo wa saa mbili hivi kwa treni. Si mji mkubwa. Mitaa yake ya kati imetandikwa mawe, nyumba zimepakwa rangi ya njano na ya waridi, na mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu bila kuchoka sana, isipokuwa pale anapotakiwa kupanda. Na Eger kuna kupanda kwingi!

Tulianzia ngomeni. Mwaka 1552 jeshi kubwa la Waturuki liliizingira ngome hiyo kwa zaidi ya siku 30, na ndani yake kulikuwa na watu wapatao 2,000 tu, pamoja na wanawake na watoto, chini ya kamanda István Dobó. Wahungaria husimulia mpaka leo jinsi akina mama walivyopanda ukutani wakiwamwagia adui maji ya moto na lami iliyochemshwa, na kuwatupia mawe. Waturuki wakarudi nyuma. Mchoraji Bertalan Székely aliwachora akina mama hao mwaka 1867, na sanamu ya Dobó katika uwanja wa mji ina mwanamke aliyeinua jiwe. Tulisimama mbele yake kwa muda. Dobó ana jina lake pale. Mama yule hana. Binti yetu alitupiga picha tukiwa chini ya jiwe lile, baba mtu akijikinga kichwa kwa mkono, tukacheka.

Hadithi haikuishia hapo, ingawa watembezaji wa wageni hupenda kuishia hapo. Mwaka 1596 Waturuki walirudi na safari hii wakaitwaa ngome, wakakaa mpaka mwaka 1687. Ndiyo maana katikati ya mji huu wa Kikristo umesimama mnara wa msikiti wa mita 40, mwembamba kama penseli. Msikiti wenyewe ulibomolewa mwaka 1841, mnara ukabaki peke yake.

Tulisikia pia kwamba nje kidogo ya mji kuna Bonde la Mwanamke Mzuri. Baba mtu aliuliza upesi sana ni umbali gani. Kumbe ni mahali pa maghala ya divai yaliyochimbwa kwenye mwamba. Hatukwenda.

Mchana tuliingia katika jengo liitwalo Líceum, na ni jengo hili tunalotaka kuwaeleza zaidi. Limeelekeana na kanisa kuu la mji, lile lenye nguzo kubwa mbele lililojengwa kati ya mwaka 1831 na 1836. Líceum ni la zamani kuliko kanisa hilo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1765 kwa amri ya Askofu Károly Eszterházy, ukachukua miaka 20. Askofu alitaka kuwa na chuo kikuu kamili chenye vitivo vinne, utabibu ukiwemo. Hata kabla kuta hazijamalizika, mwaka 1769, ilifunguliwa hapo Eger shule ya utabibu, ya kwanza nchini Hungaria. Lakini ilifungwa baada ya miaka michache tu, na watawala wa Vienna hawakutoa kibali cha chuo kikuu. Askofu akaendelea kujenga. Akaweka maktaba ambayo dari yake imechorwa Mtaguso wa Trento. Dari hiyo ni karibu bapa, lakini mchoraji, Johann Lucas Kracker, aliipaka rangi kwa ustadi hata ukiitazama unaapa kwamba imejipinda kama kuba. Juu kabisa akajenga mnara wa kutazamia nyota.

Mama mtu, aliyekuwa akisoma maelezo haya kwa sauti, alimgeukia binti akasema, "Unaona, mwanangu? Watu waliutafuta udaktari hapa wakaukosa. Wewe unao mkononi." Binti hakujibu. Tulidhani amechoka.

Tukapanda mnara ule, ngazi baada ya ngazi, tukipumzika kwenye chumba chenye vyombo vya zamani vya elimu ya nyota. Kule juu kuna chumba cha giza totoro. Ndani yake ipo meza nyeupe ya mviringo, na darini vimewekwa kioo na lenzi vinavyoiteremsha sura ya mji mzima juu ya meza ile. Hakuna umeme wala filamu. Ni mwanga wa jua tu. Msimamizi huzungusha kioo kwa fimbo, na paa za nyumba, miti na watu hupita mbele yako, wakitembea kweli, wakubwa kama sisimizi. Aliweka kipande cha karatasi juu ya meza, watu wawili waliokuwa wakivuka uwanja wakapanda juu ya karatasi kisha wakashuka. Wageni wote wakashangilia.

Katika giza lile, huku msimamizi akiendelea kueleza kwa Kihungaria, tukamsikia binti yetu akisema kwa Kiswahili, polepole, "Narudia mwaka wa pili. Tangu Septemba."

Hakuna mwingine aliyeelewa. Sisi tuliendelea kuangalia meza. Kanisa kuu lilipita, kisha mnara wa Waturuki, kisha ngome. Taa ilipowashwa tulishuka ngazi zote bila kusema neno.

Tulikwenda kukaa kwenye benchi ndani ya kanisa kuu, kwa sababu palikuwa na baridi nzuri na hatukujua pengine pa kwenda. Baba mtu aliuliza habari za ada: ile tuliyotuma kwa mwaka wa tatu ilikwenda wapi? Ilikuwa imelipia mwaka wa pili kwa mara ya pili. Mama mtu aliuliza kama alikuwa akila vizuri. Kisha tukauliza lililokuwa likituchoma kuliko yote. Mwaka mmoja si kitu, wengi hurudia, na lugha ni ngumu. Lakini miezi minane! Jumapili zote zile kwenye simu, "Masomo yanaendelea, Baba," "Masomo mazuri, Mama."

"Ningewaambiaje?" akasema. "Jumuiya nzima inaniita daktari. Mama alishawaambia hata wauza nyanya."

Ni kweli, alishawaambia. Na baba mtu alikuwa amesimama katika harusi ya jirani akatangaza kwamba familia yetu sasa ina daktari, wakati mtoto alikuwa hajamaliza hata mwaka wa kwanza. Hatukuwa na la kujibu. Tulikaa pale mpaka watu wa kufagia walipoanza kutuzunguka.

Ilikuwa imebaki saa moja na nusu kabla ya treni. Mama mtu, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kabisa, alibaki chini na mikoba. Baba mtu na binti walipanda mnara wa Waturuki, ngazi 97 za kuzunguka, nyembamba hata mtu mnene hugusa ukuta pande zote mbili, na anayeshuka hana budi kumngoja anayepanda. Baba mtu huogopa vimo. Binti alitangulia, akawa anamhesabia ngazi kwa sauti, "Sitini na moja, Baba. Sitini na mbili. Shika ukuta." Walipotokea juu kwenye kibaraza, mikono miwili ilipungwa kutoka kule, na mama mtu akapunga mtandio wake.

Tulirudi nyumbani wiki iliyofuata. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, wenzetu wa jumuiya walituzunguka kutaka habari za Ulaya. Tuliwaonyesha ile picha ya baba mtu chini ya jiwe, wakaifurahia sana. Halafu mama mmoja akauliza, "Na daktari wetu hajambo? Yuko mwaka wa ngapi sasa?"

Tukatazamana.

"Wa pili," tukasema. "Anaurudia."