Simu mbili, chumba kimoja

Nimepotea kidogo, si mnajua tena, UE inabisha hodi na kila mtu yuko kwenye msuli. Leo naiba nusu saa niandike jambo linalonikaa kichwani tangu tuliposoma habari za msongo kwenye kozi ya saikolojia ya elimu.

Tuanze na kidonda. Mwaka 1998 watafiti huko Marekani walichapisha majibu ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi 11 wa udaktari wa meno. Waliwachimba kidonda kidogo cha milimita 3.5 kwenye kaakaa, mara moja wakiwa likizo, mara nyingine siku chache kabla ya mtihani. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichukua muda mrefu zaidi kupona kwa asilimia 40, na hakuna hata mmoja kati ya wale 11 aliyepona haraka kama alivyopona likizo. Sasa wewe unayeumwa umwa kila UE ikikaribia, usikimbilie kusema umerogwa.

Mwili ukihisi hatari, tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, halafu kortisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, kazi za ukarabati zinaambiwa zisubiri. Ukiwa unakimbizwa na mbwa ni msaada mkubwa. Ukikaa hivyo wiki tatu mfululizo, hapo ndipo ukarabati unapolala.

Lakini mtihani una tarehe ya kuisha. Mtu wako wa karibu hana ratiba ubaoni! Mwaka 2005 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio State walichapisha utafiti wa wanandoa 42. Waliwatia malengelenge madogo mkononi, siku moja wakawaacha wazungumze kwa kusaidiana, siku nyingine wakawapa mada ya kugombania. Baada ya ugomvi vidonda vilichelewa, na wale wenye maneno makali zaidi walipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao. Ugomvi wenyewe ni wa nusu saa tu, tena mbele ya watafiti, ambapo naamini watu walijikaza.

Hapo ndipo nikamgeukia rumeti wangu (amenipa ruhusa kuandika, jina sitaji). Simu yake inalia saa tano usiku. Uko wapi, uko na nani, mbona ulichelewa kupokea. Anatoka nje kwenye korido, anarudi saa saba macho mekundu, anafungua daftari halisomeki. Ana sapu mbili za mwaka jana alizozifuta kwa jasho, na safari hii akianguka tena anaogopa kudisko. Mafua yake yana mwezi wa pili. Mimi si daktari, siwezi kusema yule kijana ndiye mafua. Ila nina macho.

Simu yangu nayo inalia, saa mbili. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, basi tunaingia kwenye mbuzi wa jirani aliyemaliza mchicha wetu. Dakika tano hazifiki, na mtihani haulizwi. Nilikuwa nadhani ni mazoea tu, mpaka nikakutana na utafiti wa Leslie Seltzer na wenzake wa mwaka 2010. Walichukua mabinti 61 wa miaka 7 hadi 12, wakawasimamisha kuhutubia na kupiga hesabu mbele ya watu wasiowajua (yaani kama sisi tukiwa BTP na msimamizi amekaa nyuma ya darasa). Wengine mama alikuja kuwakumbatia, wengine alipiga simu tu, wengine waliwekewa filamu. Waliosikia sauti ya mama kwenye simu oksitosini ilipanda karibu sawa na waliokumbatiwa, na kortisoli yao ilishuka mapema kuliko ya wale wa filamu. Sauti tu, jamani!

Juzi rumeti akaniuliza, "Shosti, nimwache kabla ya UE au baada?" Swali zito, na mimi si kungwi. Nikamwambia ya kuachana yana siku yake, ila simu ina kitufe cha kuzimia. Tukakubaliana: saa mbili na nusu inazimwa, inaingia kwenye kabati langu, ufunguo nalala nao mimi.

Usiku wa kwanza saa nne aliuomba ufunguo, eti aangalie saa. Nikamwonyesha ya ukutani. Akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo, akalala kabla ya saa sita.

Jumatatu ana pepa ya kwanza. Jana mama alipopiga nikaweka spika, akamsikia anavyokohoa. Mbuzi akawekwa kando kwanza. "Na huyo mwenzako," akauliza, "amekula?"