Usimtumie wakala hata shilingi

Tengeru, Arusha

Mwanangu mpendwa,

Baba yako alinipigia juzi akaniambia umepata mteja wa Uingereza anayetaka picha tatu kwa mkupuo, na kwamba unatafuta wa kukukopesha laki tano umlipe wakala wa usafirishaji. Nimezisoma jumbe zote ulizonitumia, usiku na tena asubuhi. Usitume hiyo pesa. Ningeweza kukuambia hivyo kwa simu tukamaliza, lakini nataka uelewe sababu, usinitii tu kwa kuwa mimi ni shangazi yako.

Tuanze na alichoandika huyo bwana. Anasema mke wake ameipenda sana kazi yako. Kazi ipi? Unayo picha ya Mlima Meru umejifunika wingu alfajiri, unayo ile ya akina mama wakishusha ndizi sokoni hapa Tengeru siku ya Jumamosi, na wapo wale twiga wa mtindo wa Tingatinga unaowachorea watalii. Hakutaja hata moja mpaka ulipomtumia orodha ya bei, ndipo akasema atachukua tatu za juu. Hakuuliza vipimo. Hakuuliza kama umechora kwenye kitambaa au kwenye ubao. Hakuomba umpunguzie. Wewe umeuza pale Soko la Wamasai, Barabara ya Fire, unawajua wageni wanavyonunua. Mtu katoka Ngorongoro, pesa anayo, na bado anapatana bei, anaigeuza picha aone nyuma, anauliza nani kaichora na rangi itadumu miaka mingapi. Anayenunua kweli anakijali kitu anachonunua. Huyu wako alijali jambo moja tu, njia ya kupitisha pesa.

Na njia yenyewe itazame. Bei yako ni dola 900. Yeye anasema amelipa 1,100 kupitia PayPal, na hizo 200 za ziada ni za wakala wake, ambaye lazima umlipe wewe kwa M-Pesa ndipo malipo yafunguliwe. Yuko melini kikazi, hapatikani kwa simu, na siku ya kuzaliwa ya mkewe imekaribia. Barua pepe uliyoipata ina nembo ya PayPal, lakini anwani iliyoituma ni ya Gmail, ile ile ambayo mtoto yeyote hujifungulia bure. Isitoshe, akaunti ya PayPal ya Mtanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia vitu nje, si ya kupokea malipo. Hizo 1,100 zimeingia wapi, mwanangu? Fungua akaunti yako mwenyewe kwa kuandika anwani ya PayPal kwa mkono wako, usibonyeze kiungo walichokutumia. Hutakuta kitu.

Mbinu hii ni ya zamani kuliko hizi simu zetu. Kwanza ilitumia hundi, na iliwaumiza sana wasanii wa Marekani. Kule kuna sheria ya mwaka 1987 inayozitaka benki zimpe mteja pesa ya hundi ndani ya siku chache, hata kama benki iliyoitoa haijathibitisha kuwa ni halali. Msanii anaona salio limepanda, anamtumia "wakala" ile ziada, na baada ya wiki mbili au tatu hundi inarudi kuwa ni ya bandia. Benki inakata pesa yake yote kwenye akaunti ya msanii. Wakala hayupo, mteja hayupo. Picha mara nyingi inabaki pale pale ukutani, kwa sababu hakuna aliyeihitaji tangu mwanzo.

Hapa kwetu hundi ya nje hupokelewa, ikipokelewa, kwa masharti: inapelekwa kwa benki iliyoitoa, na mteja hulipwa baada ya benki hiyo kulipa. Tungesema basi tumesalimika. Lakini nilipokuwa nafanya kazi kaunta ya benki alikuja mzee mmoja, mchongaji wa vinyago vya mpingo, na hundi ya dola. Nimeishika kwa mkono wangu. Karatasi nzito, jina la benki kubwa, tarakimu zimepigwa vizuri, sahihi ya wino wa bluu. Kiasi kilizidi bei ya vinyago vyake karibu mara mbili. Nikamwambia asubiri wiki kadhaa na asitoe kitu kwa mtu yeyote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wakala ameshalipwa, kwa mkopo wa kikoba cha mkewe, maana mteja alimhakikishia hundi ikishafika benki ni sawa na pesa. Hundi ilirudi. Kikoba kililipwa na yule mama kwa kuuza maziwa, kidogo kidogo, mpaka deni likaisha. Kwa hiyo usidhani taratibu za benki zitakulinda. Zinalinda pesa iliyo benki. Ile unayoitoa mfukoni na kuituma kwa hiari yako hakuna wa kuirudisha.

Ndiyo maana katika mauzo yako yote shika hili moja: muuzaji hamlipi mtu ili alipwe. Iitwe nauli, ushuru, bima, ada ya kufungua akaunti, au ile waliyoibuni matapeli wa NFT, hizo hati za kidijitali za picha, ya kulipia usajili mtandaoni kabla picha yako "haijanunuliwa" kwa sarafu za kidijitali, jibu ni hapana. Gharama ya kusafirisha mteja anakulipa wewe pamoja na bei, ikishaingia ndipo wewe unachagua msafirishaji. Picha ya kitambaa unaiviringisha na kuitia ndani ya bomba la plastiki, unaipeleka Posta pale Mnara wa Saa, unaituma kwa EMS na kumpa mteja namba ya kufuatilia mzigo. Mzungu aliyeridhika hana sababu ya kukuletea wakala wake asiye na ofisi.

Matapeli wa hapa hapa nao wapo, na hawahitaji Kiingereza. Mtu anapiga simu, anasema ni meneja wa hoteli Usa River, anataka picha sita za vyumbani leo leo, bodaboda yuko njiani. Ujumbe unaingia: umepokea kiasi fulani, salio lako jipya ni hili. Usimkabidhi bodaboda kitu. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la M-PESA, si kwa namba ya mtu, lakini hata jina lisikutoshe. Piga *150*00# uangalie salio mbele ya huyo kijana. Kama halijabadilika, picha hazitoki. Na akipiga tena kusema amekosea kutuma, umrudishie, hao ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Namba yao itume kwa TCRA: andika neno UTAPELI kwenda 15040, kisha ufuate maelekezo. Ukiibiwa, nenda polisi na jumbe zote bila kufuta hata moja. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, ila bila ushahidi haisaidii.

Sasa niseme lililonikalisha macho. Sidhani kama umeingia mtegoni kwa tamaa. Kwenye ukoo wetu umesikia mara nyingi kwamba kuchora si kazi, hata mezani kwangu umelisikia. Halafu anatokea mtu wa mbali, anakuandikia kwamba una kipaji cha ajabu na picha zako zitapamba nyumba yake. Mtu mwenye kiu ya sifa haulizi maswali mengi, na hawa watu wanalijua hilo kuliko sisi ndugu zako. Marehemu Edward Tingatinga alipoanza kuuza mwaka 1968 nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, alimwona mnunuzi usoni na pesa ilikuja mkononi. Ninyi baada ya watalii kukatika mwaka 2020 mlilazimika kuhamia Instagram, na huko sifa huja kabla ya pesa, mara nyingi bila pesa. Picha zako ni nzuri. Nasema hivi nikiwa na ile ya akina mama wa ndizi ukutani, niliyoinunua kwako kwa bei uliyotaja. Huna haja ya kuthibitishiwa na mtu asiyeweza kukutajia hata picha moja.

Wateja wa kweli wa nje wapo, usiwaogope. Mwombe mtu mzungumze kwa video dakika tano, uone kama anaijua picha anayoitaka. Dai nusu ya bei kabla hujaanza, na iliyobaki kabla hujatuma. Anaweza kulipa moja kwa moja benki, au kwa huduma kama WorldRemit ikaingia kwenye M-Pesa yako. Usikubali karatasi ya benki iliyopigwa picha kuwa ndiyo malipo, kubali salio. Anayekasirika kwa masharti hayo mwache aende, hata kama umeshaahidi kodi ya chumba kwa pesa yake.

Huyu wa melini usimjibu tena, wala usimtukane. Mzuie, hifadhi jumbe zake, na wenzako mnaochora pamoja Kijenge wape jina na namba yake leo hii, maana atawafuata wao. Kodi ya mwezi huu nitakuongezea mimi. Laki tano usikope kwa baba yako wala kwa mtu mwingine, na ujumbe wa namna hii ukija tena, nipigie kabla hujaandika neno.

Ni mimi shangazi yako.