Rangi ya Kitufe

Nilikuwa nabadilisha rangi ya kitufe tu, kutoka bluu kwenda kijani. Nikabonyeza Ctrl na S, na sebuleni babu akaita: "We mjukuu wangu, maneno yangu yamekwenda wapi?"

Wanaotengeneza tovuti wanaijua raha hii. Zamani ukibadilisha mstari mmoja ulirudi kwenye kivinjari, ukabonyeza F5, ukatazama, ukarudi tena kwenye kazi. Siku hizi seva ndogo ndani ya laptopu inayachunga mafaili yako. Ukihifadhi tu, inatuma ujumbe kwa kila kivinjari kilichofungua ukurasa huo, nacho kinaupakia upya chenyewe. Kila kivinjari. Hapo ndipo nilipojisahau.

Babu nilikuwa nimempa simu yangu, iko kwenye Wi-Fi ileile ya nyumbani, aijaribu programu niliyokuwa naitengeneza ya kukusanya historia ya ukoo. Nilidhani ataandika jina, mwaka wa kuzaliwa, basi. Kumbe alikaa karibu saa nzima, anaandika kwa kidole kimoja habari za kaka yake, yule aliyekata naye mkonge Korogwe, ambaye nyumbani kwetu hatajwi. Hata baba hajui walikosana nini.

Nilihangaika na ile simu mpaka ikapata moto. Maneno yalikuwa ndani ya ukurasa tu, hayajatumwa popote, na ukurasa ule haukuwapo tena. Vifaa kama Vite hujaribu kubadilisha kipande kilichoguswa na kuviacha vingine vilivyo. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilikuwa nimejiundia mtambo mdogo unaofuta na kuanza upya.

"Andika tena, babu. Hata kwa kifupi."

Akavua miwani. "Nimeshasema. Si ulikuwepo?"

Nilikuwa chumba cha pili, na kijani changu.

Usiku niliongeza mistari michache ili kila herufi inayoandikwa ihifadhiwe papo hapo ndani ya simu. Nikaupakia upya ukurasa makusudi, mara ishirini hivi, na upuuzi niliouandika kujaribia ukabaki palepale, haukupotea hata nukta.

Asubuhi nikampelekea simu pamoja na chai. Akaandika jina lake na mwaka wa kuzaliwa, 1938, akanirudishia.

"Hiyo kijani imependeza," akasema.