Kipimo Nacho Hupimwa

Mwaka jana binti yangu alishikwa na homa kali. Nilimkimbiza katika zahanati moja mtaani, akatolewa damu, na punde tukaambiwa ana homa ya matumbo. Nikanunua dawa kwa pesa za kodi ya nyumba. Siku tatu baadaye homa ilikuwa palepale.

Katika hospitali nyingine, daktari mzee aliniuliza, "Mama, walimpima kwa Widal?" Naam, ndicho kilichoandikwa. Akanieleza kwamba kipimo hicho cha mwaka 1896 hakisaki viini vyenyewe, bali kingamwili, yaani askari wa mwili. Askari hao huweza kubaki damuni baada ya ugonjwa wa zamani, au kuzushwa na maradhi mengine.

Akachukua karatasi. "Tuseme watoto 1,000 wana homa, lakini 20 tu ndio wenye homa ya matumbo. Kipimo kinawanasa 16 kati yao, na kinawasingizia 10 katika kila 100 wasio nayo. Watasingiziwa wangapi?"

Nikapiga hesabu: 98! Basi watoto 114 wataambiwa wanaugua, kumbe 16 tu ndio wagonjwa kweli, mmoja kwa kila saba.

Tone la damu likatazamwa kwa darubini. Lo! Ilikuwa malaria, aliyotoka nayo kwa nyanyake Kisumu. Tungechelewa zaidi, ningemzika.

Ndugu msomaji, ukipewa majibu ya maabara, usione haya kuuliza: kipimo hiki huwasingizia wangapi?