Kinubi cha Alice

Kwetu ukisema jazz, watu wanakumbuka Morogoro Jazz na gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Baba alikuwa wa kundi hilo. Siku nilipomsikilizisha John Coltrane alivumilia dakika mbili, kisha akauliza kama huyo bwana ameshaanza kupiga au bado anajaribu chombo.

Baba alifariki nikiwa muhula wa pili wa shahada ya uzamili. Mama alishika rozari. Mimi nilijaribu, lakini maneno yalinitoka kama ya mtu mwingine. Nikaanza kukaa kimya: kila alfajiri, dakika 20, mgongo ukutani, nahesabu pumzi huku mwenzangu wa chumba akikoroma. Vitabu vinasema mawazo yaachwe yapite kama mawingu. Ya kwangu hayakupita. Yaliketi, yakasubiri chai.

Ndipo nikamsikiliza Alice, mke wa Coltrane. Mumewe alikufa Julai 1967 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 40. Alice akabaki na watoto wanne na kinubi ambacho mumewe alikuwa amekiagiza. Kilifika nyumbani mwenyewe hayupo. Alikosa usingizi, akakonda. Baadaye akawa mwanafunzi wa Swami Satchidananda, na mwaka 1971 ikatoka albamu yenye jina la mwalimu huyo.

Katika wimbo wake wa kwanza kuna tanpura, chombo cha nyuzi cha Kihindi, kinachovuma kwa sauti ileile bila kwenda popote. Besi ya Cecil McBee inazunguka palepale. Juu yake kinubi kinamwagika, na saksafoni ya Pharoah Sanders inazurura itakavyo. Hakuna anayenyamazishwa. Tangu hapo pumzi yangu ndiyo tanpura. Kikohozi cha Baba kikija, nakiacha kipige zamu yake.

Alice mwishowe aliyapa mgongo majukwaa kwa miaka mingi, akaongoza ashram huko California. Mimi sina mpango huo. Nina tasnifu ya kumaliza.

Jumapili iliyopita Mama alipiga simu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza bila kuzunguka:

“Mwanangu, bado unasali?”

“Nakaa kimya, Mama. Kila asubuhi.”

“Unakaa na nani?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Alisubiri kidogo, halafu akaanza kunieleza bei ya mbegu za mahindi.