Ngozi na Kipaji

Sanaa ya kuigiza hutaka moyo, sauti na akili. Lakini mara nyingi watoao kazi hutazama ngozi kwanza. Rita Moreno aliujua ukweli huu mapema. Alizaliwa Puerto Rico mwaka 1931, akapelekwa New York na mama yake angali mtoto. Katika ujana wake, Hollywood ilimpa nafasi za wasichana wa kigeni: leo mwenyeji wa asili wa Amerika, kesho Mburma, na lafudhi moja ya kubuni ikatumika kwa mataifa yote.

Katika senema ya West Side Story ya mwaka 1961 alicheza mtu wa kwao hasa. Hata hivyo alipakwa rangi iliyozidi weusi wa ngozi yake. Alipolalamika, mpakaji alimwuliza kama yeye ni mbaguzi.

Mwaka 1962 alipewa tuzo ya Oscar. Alidhani mlango umefunguka. Kumbe waliobisha hodi walileta hadithi zile zile za magenge, tena duni kuliko ya kwanza. Akazikataa, na kukataa kukamgharimu miaka ya kazi.

Hakuna aibu kuigiza kijakazi, maana kijakazi ni mtu. Aibu ni kudhani kuwa taifa zima halina mtu mwingine. Moreno alishinda Tony mwaka 1975 na Emmy mwaka 1977. Na mwaka 2021, akikaribia miaka 90, alirudi katika West Side Story mpya, mwigizaji na mmoja wa watayarishaji wake. Subira yake ilikuwa ndefu, lakini haikuwa ya mtu aliyenyamaza.