Moshi wa Dampo na Kesi ya Majirani wa Tabata

Vijana wanaoshuka daladala kituo cha Dampo siku hizi wanakuta maduka, gereji na nyumba zilizobanana. Tulioishi Tabata miaka ya 1980 tunajua jina hilo lilitoka wapi, na kwa kuwa tunazidi kupungua, nimeona niyaandike haya kabla hayajapotea pamoja nasi.

Tabata ya wakati ule ilikuwa pembezoni mwa mji. Tulihamia huko watumishi wa serikali wa ngazi ya chini, walimu kama mimi, wafanyakazi wa reli na wa viwanda vya barabara ya Pugu. Mtu alijenga chumba kimoja kimoja kadiri mshahara ulivyoruhusu, huku akilima mahindi na mihogo nyuma ya nyumba. Jiji lilianza kumwaga taka pale tangu miaka ya 1960, wakati Dar es Salaam nzima haikuwa imefikisha watu laki tatu. Sensa ya 1988 ilikuta wamepita milioni moja na laki tatu. Taka za mji wote huo, za sokoni, za viwandani na za majumbani, zilikuwa zinakuja kwetu.

Malori yalianza kupita alfajiri, mengine hayana hata turubai, kwa hiyo maganda, makaratasi na maji machafu yalidondoka njiani kabla hayajafika. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna mama aliyeweka chakula mezani bila kawa. Kunguru walishinda juu ya mapaa. Lakini vyote hivyo mtu angeweza kuvizoea. Kilichotushinda ni moshi.

Taka zilikuwa zinaungua usiku na mchana. Wakati mwingine zilichomwa makusudi ili zipungue, wakati mwingine ziliwaka zenyewe kutoka chini na hakuna aliyejua pa kuanzia kuuzima moto. Ule haukuwa moshi wa kuni wala wa mkaa. Ulikuwa na ukali wa plastiki na mpira, ulikaa kooni, na hata ukinywa maji hautoki. Ukianika shati jeupe la sare ya shule asubuhi, saa nane mchana unalianua lina vidoadoa vyeusi, na ukijaribu kuvipangusa kwa kidole vinaacha mistari. Darasani kwangu niliwatambua watoto waliokaa jirani na dampo hata kabla hawajaniambia wanapoishi: walikuja na macho mekundu, na imla ilikatizwa na kikohozi. Kulikuwa na binti wa darasa la nne, hodari wa hesabu, ambaye wiki za moshi mzito hakuja kabisa. Mama yake alikesha naye, amemkalisha kitandani akiwa ameegemea mito, kwa kuwa akilala chali pumzi inakata.

Tulilalamika kwa utaratibu wa wakati ule. Tulianza kwa balozi wa nyumba kumi, tukaenda tawini, kisha kwenye ofisi zilizo juu zaidi. Barua nyingi niliziandika mimi, kwa kuwa walisema nina mwandiko mzuri, na kila moja niliweka karatasi ya kaboni chini ili tubaki na nakala. Majibu yalifanana: suala linashughulikiwa. Ofisi moja tuliambiwa kwamba eneo lile lilitengwa kwa ajili ya taka. Jirani yangu mmoja, mstaafu wa reli, akauliza kwa upole, “Na sisi mlitugawia viwanja ili tukae na nani?” Hakujibiwa.

Watu wengi leo hawakumbuki kwamba haki za binadamu hazikuwamo ndani ya Katiba yetu kwa namna ya kudaiwa mahakamani hadi mabadiliko ya 1984, na hata hapo utekelezaji wake ulisimamishwa kwa miaka mitatu. Mlango ulifunguka Machi 1988. Habari hizo zilitufikia kwa maneno ya watu waliofanya kazi mjini, wakiwamo makarani walioona mashauri yakipita mezani. Wakatueleza kwamba ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kulindwa maisha yake na jamii. Palepale pakazuka swali: je, kumvutisha mtu moshi wa sumu mwaka hata mwaka si kumnyima haki hiyo?

Ilibidi tukusanye majina. Hilo halikuwa jambo jepesi. Tulikuwa katika mfumo wa chama kimoja, na wengi wetu tulilipwa mshahara na serikali. Nakumbuka jioni moja chini ya mwembe, daftari liko juu ya kigoda na kidau cha wino pembeni kwa wasiojua kusaini. Bwana mmoja alisimama akasema, “Jamani, mnataka kuishitaki serikali yenu wenyewe? Kesho mkihamishiwa mbali msije mkasema hamkuonywa.” Watu wakanyamaza. Wachache walianza kuinuka waende zao. Bibi mmoja, Mzaramo wa palepale aliyekuwapo kabla ya viwanja kupimwa, akasogea mbele akamwambia, “Baba, mjukuu wangu halali kwa kukohoa. Nipe huo wino.” Akabonyeza dole gumba, akalifuta kwenye khanga yake, akarudi kukaa. Baada yake foleni ilifika hadi barabarani.

Sitaki kuutukuza ujasiri wetu kupita kiasi. Tuliochangia fedha za kesi tulichangia kidogo kidogo, na wapo waliochukua mzigo mkubwa kuliko sisi wote, waliokubali majina yao yasimame mbele ya Mahakama Kuu. Lakini bila madole gumba yale na bila mashahidi walioacha vibarua vyao wakaenda kusimama kizimbani, kusingekuwa na kesi.

Ilisajiliwa kama kesi ya madai namba 299 ya mwaka 1988, dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, mbele ya Jaji Lugakingira. Septemba mwaka huohuo tukashinda. Jaji aliamuru Halmashauri iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali ambapo hazitadhuru watu. Mtaani tulipika pilau. Kesho yake malori yakapita kama kawaida.

Hapo ndipo wengi walipokata tamaa, na nawaelewa. Halmashauri ilirudi mahakamani kuomba muda, ikaongezewa, ikaomba tena. Kila mara sababu ilikuwa kwamba hakuna pengine pa kupeleka. Mwishowe Jaji Lugakingira alichoka. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma, au hata mtu binafsi, akienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, haidhuru idadi yao. Uamuzi ulikuwa wa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida ya Mahakama Kuu, tukafasiriwa. Yule mstaafu wa reli aliomba arudiwe sehemu ile ya idadi, kisha akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Tuliambiwa mara nyingi kwamba sisi ni wachache na mji ni mkubwa. Sasa jaji alikuwa ametamka kwamba uchache wetu haukuwa kibali cha kutuua polepole.

Dampo lilifungwa mwaka 1991.

Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka huohuo wakazi 795 wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu, na Jaji Rubama akawapa haki yao. Ndipo malori yakageuzwa kuelekea Vingunguti, ng’ambo ya reli, kwa majirani zetu waliokuwa maskini kuliko sisi na ambao tayari walikuwa wanavumilia harufu ya machinjio na mabwawa ya majitaka. Upepo wa kusi ulipovuma, tuliipata tena harufu tuliyodhani tumeagana nayo. Vingunguti walibeba mzigo huo hadi 2001. Baada yao zamu ikawa ya Mtoni hadi 2007, kisha Pugu Kinyamwezi, ambako taka za Dar es Salaam zinamwagwa mpaka leo.

Nasema wazi: jiji lilitii amri ya kuondoa taka kwetu, lakini halikutii maana yake. Mahakama haikuagiza taka zihamie kwa watu wasio na wakili. Iliagiza zipelekwe mahali pasipo na madhara, na hilo linahitaji taka zitenganishwe tangu jikoni na sokoni, zifukiwe kitaalamu kila siku badala ya kuachwa zikiungua, na viwanja visigawiwe kandokando ya jalala. Haya yalikuwa yanajulikana hata mwaka 1988.

Sheria ya sasa inasaidia zaidi kuliko ile ya wakati ule ilivyotusaidia sisi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa mwaka 2021, na Ilala, ambamo Tabata imo, ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji. Wajibu wa kuzoa na kuhifadhi taka bado upo palepale.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa jirani na majalala, mkiambiwa suala linashughulikiwa, ombeni jibu kwa maandishi na mtunze nakala. Andikeni tarehe za moshi, majina ya watoto wanaougua, siku ambazo maji ya kisima yalibadilika rangi. Kisha itafuteni hukumu ya kesi namba 299 ya mwaka 1988 mkaisome kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya mwenyekiti na mtendaji.